Unga wa Chini ya Msolo

Juzi asubuhi nilikuwa nafagia jikoni, nikakuta kichungu cha unga chini ya mwimo wa mlango. Si kitu cha kutisha, kingejaza kijiko cha chai. Unga laini, wa rangi ya mtama uliosagwa vizuri, umetulia pale kama umemiminwa na mtu mwenye subira. Mtu mwingine angeupiga ufagio na kuendelea na maisha. Mimi nilichuchumaa. Nikachuchumaa mpaka chai ikachemka ikamwagika, na mume wangu akaja kuuliza kama nimeona dhahabu ili akawaite wenzake. Nikamwambia ni mdudu tu, anakula mlango. Akasema heri ya mdudu, yeye ameshapata kifungua kinywa.

Nilicheka, lakini magoti hayakutaka kunyooka upesi. Sisi wa rika hili tunajua jinsi kitu kidogo kinavyoweza kumrudisha mtu mzima utotoni bila kumwomba ruhusa. Wenzangu hurudishwa na harufu ya mafuta ya taa, au ya daftari jipya likifunguliwa. Mimi hurudishwa na uchafu wa mdudu. Kila mtu na fungu lake.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa safari. Nimezaliwa Rutamba, nimesoma Rutamba mpaka kidato cha nne, na nimeolewa na mwanamume ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kwamba nyumba yake inaonekana kutoka kwetu. Nikienda Lindi mjini nabeba maji ya kunywa na kanga ya ziada, utadhani navuka jangwa. Ndugu zangu husema siku nikifa, Izraili atapata taabu kunitoa mlangoni. Huwa nawaacha wacheke. Hawajui kwamba kuna mti ulikufa ili mimi nikae.

Mti wenyewe ulikuwa msolo, pembeni mwa ua wa Bibi, mama yake mama. Wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine, ni mti mgumu wa porini, wenye majani madogo na kivuli cha wastani, na tunda linalopendwa na paa kuliko watu. Hautoi ubao wa kujivunia. Lakini kwetu sisi Wamwera ndio mti wa kutambikia. Bibi aliswali swala zake tano, na Ramadhani ikiisha aliongeza na funga ya sita. Hata hivyo, kukiwa na jambo zito nyumbani, alikwenda msoloni na kibakuli cha unga wa mtama. Hakuona ugomvi wowote hapo. Mungu anaombwa, alisema, na waliotangulia wanaarifiwa.

Alifanya hivyo alasiri, jua likianza kulegea. Alifagia shina, akapiga magoti, akamimina unga kwa ncha za vidole, kidogo kidogo, huku akitaja majina kwa Kimwera cha zamani nilichokielewa nusu. Unga ulipanda ukawa kichungu chenye ncha, mfano wa pia ya watoto iliyopinduliwa. Kisha unaachwa ulale. Asubuhi mtu anakwenda kuangalia. Ukiwa umesimama vile vile, wamekubali. Ukiwa umeporomoka, wamekataa. Sharti lilikuwa moja tu: ukishatua hauguswi. Unaangaliwa kwa macho, basi.

Na hapo ndipo nilipoingia mimi, kwa sababu Bibi alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili. Aliona mwanga na kivuli, na mtu akisimama mbele yake alimwona kama gogo lililovaa kanga. Mwenye macho ndani ya nyumba ile nilikuwa mimi, msichana wa miaka minane au tisa, miguu myembamba, mdomo mrefu. Aliniita mke mwenzangu, maana mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Babu alikuwa amekufa kabla sijazaliwa, lakini hilo halikumzuia Bibi kunionea wivu. Sukari ikipungua alisema nimempelekea mume wetu. Sabuni ikiisha alisema najiremba usiku wake wa zamu.

Mama alifariki mwanzoni mwa masika mwaka huo. Aliugua kifua, akalala, hakuamka. Sina mengi ya kusema juu ya hilo, si kwa sababu ya uchungu tu, ila kwa sababu mtoto huambiwa machache na kuona migongo ya watu. Nilichobaki nacho ni kanga yake moja, ambayo Bibi alikataa isifuliwe. Niliinusa kila siku mpaka ikawa inanuka sanduku.

Baba alikuja wakati wa salfa. Ni msimu ule ambao Mjomba, kaka yake mama, alizunguka alfajiri na bomba mgongoni akiipulizia mikorosho unga wa njano, na kijiji kizima kikanuka kiberiti mpaka kwenye uji. Baba alikuwa fundi wa matairi Nangurukuru, kwenye njia panda ya kwenda Kilwa Masoko. Yeye na mama walikuwa wameachana zamani, bila kelele, kama abiria wawili wanaoshuka vituo tofauti. Alikaa mbali kidogo na Bibi kama mkwe anavyotakiwa, akakohoa salfa, akasema alichokijia. Ameoa. Shule iko karibu na kwake, nzuri. Anamtaka mtoto wake.

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Mtu mkali unaweza kumkimbia. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na ungo wa mchele, nikipepeta kitu kilichokwisha pepetwa. Hakuna aliyeniita. Kwa desturi yetu mtoto ni wa upande wa mama, na Mjomba angeweza kukataa palepale, lakini alikuwa na watoto watano wake, na aliniangalia kama mtu anavyoangalia sahani ya sita. Mwenye kujibu akabaki Bibi.

"Mkwe," alisema, "mimi siwezi kukupa wala kukunyima. Mwenye mtoto ni marehemu. Nitamuuliza mara tatu."

Wakakubaliana kwamba Bibi aulize kila mwezi unapoandama, mara tatu, na Baba arudi shule zikifungwa kuchukua jibu, au kunichukua mimi.

Mara ya kwanza nilishuhudia kila kitu. Nilishika kibakuli, niliona kichungu kikisimama, ukubwa wa nusu ndimu. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi Bibi akanituma. Nenda kamwangalie mama yako, akasema, uniambie amesemaje.

Kichungu hakikuwa kimeporomoka. Kilikuwa kimekua. Juu ya unga wetu wa mtama kulikuwa na unga mwingine, mweupe zaidi, laini zaidi, umekivika kile kichungu kama koti na kumwagikia kwenye mzizi. Kuku ambao kwa kawaida hawakuwa na heshima kwa wafu wala kwa wazima walikuwa wamedonoa kidogo na kuacha. Sisimizi walipita pembeni. Nilitazama juu. Palikuwa na tawi la chini, lile nililozoea kulipanda kama punda, limesimama sawasawa juu ya unga. Sikuona kitu. Matundu yalikuwepo, madogo kama ya sindano, lakini mimi sikuwa natafuta matundu. Nilikuwa namtafuta mama.

Nikavunja sharti. Nililowesha kidole, nikagusa ule unga mweupe, nikaonja. Ulikuwa mchungu. Nikajua kwamba mama bado ana hasira kidogo, labda kwa sababu siku ya mazishi nililia kidogo kisha nikaenda kucheza rede.

Nilipomwambia Bibi umeongezeka, alinifanya nirudie. Akauliza umeongezekaje, nikasema mama ameongeza wa kwake. Bibi aliketi kwenye mkeka akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Maisha yake yote alikuwa ameona unga unasimama na ameona unga unaanguka. Hakuwahi kusikia unaongezeka. Kufika mchana wanawake wa jirani walikuwa wanakuja kuomba moto wakati majiko yao yanafuka, ilimradi wanitazame. Nilitembea kijijini kama mtu aliyepokea barua. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto: mama anataka nikae. Bibi alianza kunipimia gauni la mwaka unaofuata.

Kisha bwana shamba akaja shuleni. Alikuwa kijana mwenye pikipiki, viatu safi kupita kiasi kwa Rutamba. Alituweka chini ya paa la darasa la nne akatoa kichupa chenye wadudu weusi, kila mmoja mdogo kuliko punje ya ufuta. Akasema ni mbawakawa, na ni mgeni, si wa nchi hii, ameingia ndani ya mbao mbichi kutoka mbali. Anatoboa miti migumu: mkongo, mninga, hata mkorosho haumshindi. Wadudu wetu wana adui zao, ndege na siafu wanawajua. Huyu hana anayemjua. Tulicheka. Mkongo unaovunja meno ya msumeno, uuawe na ufuta?

Hakukasirika. Akakunjua karatasi, akasema dalili yake ni hii, tuipitishe mkono kwa mkono. Kwenye karatasi kulikuwa na unga mweupe. "Ukiuona chini ya mti, sema," alisema. "Mti ukiwahiwa tunakata tawi tu. Ukichelewa ni kisiki na moto."

Karatasi ilipofika kwangu nililowesha kidole. Jirani yangu wa dawati alipiga kelele kwamba nakula mavi ya wadudu, na darasa zima likaangua kicheko. Sikusikia vizuri. Uchungu ulikuwa ule ule.

Ningependa kuwaambia kwamba sikuelewa. Nilielewa. Nilirudi nyumbani nikiwa najua kila kitu ambacho bwana shamba anajua, na mpaka mwezi kuandama tena zilikuwa zimebaki siku kama kumi. Ningesema siku yoyote. Nilikuwa na hesabu yangu ya kitoto, na mpaka leo siwezi kuikosoa vizuri. Kama unga ule ni wa mdudu, basi mama hajasema kitu. Kama hajasema kitu, nakwenda Nangurukuru, nikalale kwenye nyumba ya mwanamke nisiyemjua, malori yapite usiku kucha, na Bibi abaki na giza lake. Hayo niliyaogopa. Lakini kilichoniziba mdomo hasa kilikuwa kile cha kwanza, kwamba mama hajasema kitu.

Kwa hiyo mara ya pili nilikwenda msoloni, nikaangalia, nikarudi nikasema umeongezeka tena. Maneno yalikuwa ya kweli, kila moja. Nadhani ndiyo sababu yalitoka kirahisi. Bibi akasema alhamdulillahi, akanipa mguu wa kuku.

Baada ya hapo nikaanza kazi ya siri. Nilitaka mti upone na uongo upone, vyote viwili, na nilikuwa na vifaa: sabuni ya mche, majivu, na ubishi. Bibi akilala mchana nilipanda kwenye lile tawi na kipande cha sabuni, nikaziba matundu moja moja, nikapaka na majivu juu yake yasionekane. Nilifanya kazi ile kwa bidii ambayo sikuwahi kuipeleka shuleni. Siku ya pili yake matundu mapya yalikuwa yamefunguliwa kando ya yale niliyoziba, kama watu wanaohamisha mlango. Bibi alilalamika kwamba sabuni haikai ndani ya nyumba hii, na mke mwenzake anazidi kujipendekeza kwa marehemu Babu. Nilicheka naye. Mara ya tatu nikaripoti kwamba unga umekuwa mwingi kuliko zote, na hata hapo sikusema uongo.

Kiangazi kilinisaidia kuficha. Msolo hupukutisha majani, kila mti hubaki mifupa, mgonjwa na mzima hawatofautiani. Kisha mvua za kwanza zikanyesha. Kila kitu kikachipua, mpaka nguzo za uzio wa mtu zikatoa majani. Tawi langu la chini likabaki kavu, na la juu yake, na nusu ya kilele. Mjomba alikuja kumsalimia mama yake, akasimama uani, akautazama mti muda mrefu.

Alianza kwa anachokijua. Alileta bomba akaupuliza msolo salfa kuanzia shina mpaka kilele, tukakohoa wote, na mti ukabaki wa njano. Bibi alinusa akasema ameupaka liwa kama bibi harusi, sasa atafute bwana. Salfa haikufanya kitu. Mjomba akaloweka tumbaku na pilipili, akatwanga majani ya mwarobaini, akamwagia na mafuta ya taa juu yake. Mti ulinuka kama duka, na unga ukaendelea kushuka. Hapo akakubali kwenda kumwita bwana shamba.

Bwana shamba alikwangua gome kwa panga. Chini yake, kila tundu lilikuwa na doa jeusi kulizunguka, na madoa yalikuwa yameungana kama ramani ya mvua kwenye dari. Akaeleza kwamba mdudu huyu hali mti wenyewe. Anachimba, anapanda ukungu ndani ya mashimo, kisha anakula ukungu wake, na ukungu ndio unaoua mti. Salfa inabaki nje, yeye yuko ndani anavuna.

"Analima?" Bibi aliuliza. "Kumbe mkulima mwenzetu."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu bwana shamba alikuwa amefika kwenye tawi la chini na ncha ya kisu chake ilikuwa imetoa kitu. Alikigeuza kiganjani, akakinusa. Akauliza nani ameziba matundu kwa sabuni.

Mjomba alishangaa, akasema sabuni, kama mtu aliyesikia jina la ndugu mahali asipotarajia. Bibi aligeuza uso taratibu, na macho yake yale yaliyoziba yakaja yakasimama mahali nilipokuwa, bila kukosea hata kidogo.

Bwana shamba akasema unga huu umemwagika miezi. Lile tawi la chini ndiko walikoanzia. Angeitwa wakati ule wangelikata hilo moja na kulichoma. Sasa mti wote unaangushwa, leo, na unachomwa pale pale ulipoangukia. Hakuna kuni, hakuna kuchonga kinu, hakuna kijiti cha kuondoka uani. Na mikorosho miwili ya Mjomba iliyo kando ya uzio, ambayo nayo ilikuwa imetobolewa, inakwenda nayo.

Mjomba aliitazama mikorosho yake, yenye mabibo mekundu bado. "Mama," alisema, "miezi mitatu ulikuwa unasomewa mdudu."

"Aliyemtuma mtoto ni mimi," Bibi akajibu.

Akaomba ashikwe mkono mpaka kwenye mti. Nilitaka kumshika mimi, lakini Mjomba aliwahi. Bibi aliweka kiganja kwenye gome lenye salfa na tumbaku, akasema maneno machache ya Kimwera, mafupi kuliko ya kutambika, sauti ya mtu anayeaga wenye nyumba. Kisha akarudi nyuma akawaambia waanze. Msolo haukuanguka kirahisi. Shoka lilidunda, ilibidi msumeno wa watu wawili, wakapokezana mpaka alasiri. Ulipolala chini nilishangaa jinsi ulivyokuwa mfupi. Wanawake waliokuwa wanakuja kunitazama walikuja tena, wakatazama moto.

Bibi alikaa kwenye kigoda upande usio na moshi. Nikaenda nikakaa chini karibu na miguu yake. Watu walikuwa upande wa pili, kwenye mikorosho.

"Bibi, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni mdudu. Bwana shamba alituonyesha shuleni, kabla ya mara ya pili."

Aliyapokea hayo bila kutikisika. Moto ulipasuka ndani ya gogo. "Na mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza nilidhani ni mama."

"Mimi pia," alisema.

Nilianza kulia, kilio kile nilichokuwa nadaiwa tangu masika. Alinisubiri. Hakunishika wala hakunisukuma. Nilipoweza kusema nikamwambia nilinyamaza kwa sababu kama si mama, ningepelekwa kwa Baba.

"Na wewe hutaki."

"Sitaki."

Bibi alivuta pumzi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona mzee kweli, shingo imeingia mabegani.

"Si ungesema, mke mwenzangu," alisema. "Ungesema hutaki. Tungekata tawi moja."

Ni maneno hayo tu. Hakunichapa, hakunisema kwa watu, wala hakuyarudia mpaka alipokufa. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimegombana na watu waliojua kutukana, na sijawahi kuambiwa kitu kizito kama kile. Ilikuwa haijanipitia kichwani kwamba njia hiyo ipo. Watu wazima walikuwa wanamuuliza maiti, nami nilimjibia. Kwamba mtoto anaweza kusimama akasema ninataka hivi, hakuna aliyekuwa ameniambia, na nadhani hata Bibi aliligundua jambo hilo palepale, moto ukiwaka.

Shule zilipofungwa Baba akaja. Alisimama uani akatafuta mti kwa macho, akaona kisiki cheusi na majivu yaliyolowa mvua. Akaamkia, akakaa mbali mahali pake. Nilijua Bibi angeweza kumaliza mambo kwa sentensi moja. Unga umeongezeka mara tatu, nusu ya Rutamba ni mashahidi. Baba alikuwa mtu wa kuheshimu mambo hayo, angenyanyuka na kuondoka.

"Mkwe," Bibi alisema, "tulikuwa na mahali pa kuuliza, hapapo tena. Na hata palipokuwepo, marehemu hakujibu. Muulize mwenyewe."

Baba hakuelewa haraka. Kisha akainuka, akaja akachuchumaa mbele yangu. Alinuka mpira na gundi ya matairi. Aliniuliza nataka kukaa wapi, na sauti yake ilikuwa ile ile ya upole. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo hili siku nyingi, na sasa nikagundua kwamba kusema kweli kunauma zaidi ukiwa unamtazama mtu. Nikasema hapa. Sauti ilitoka ndogo ikabidi nirudie. Hapa, Baba.

"Nimeshakutengenezea kitanda," akasema, si kwa kulaumu. Alikuwa ananiarifu tu.

Hakuondoka siku hiyo. Alivua shati akamwomba Mjomba jembe na shoka, kwa sababu bwana shamba alikuwa ameagiza kisiki nacho king'olewe na mizizi ichomwe. Alichimba siku mbili. Mkwe anapoanza kuoa kwetu hulima shamba la wakwe, na Mjomba alitania kwamba huyu amelipa deni la posa baada ya mke kufa. Baba alitabasamu akaendelea kuchimba. Bibi alimpelekea maji kwa mkono wake, akipapasa njia, akayaweka chini hatua tatu kutoka alipo, kama inavyotakiwa. Alipokwenda kupanda basi aliniwekea kiganja kichwani. Kilikuwa na malengelenge.

Kitanda kilikuja mwisho wa msimu wa korosho, juu ya lori lililofuata magunia. Kilikuwa cha futi tatu, cha mninga, kimepigwa vanishi mpaka kinang'aa kama samaki. Vijana wawili wa lori wakakiteremsha wakaanza kukileta ndani. Bibi alikuwa amesimama kwenye njia ya kuingilia uani, mkono mmoja kwenye uzio.

"Ubao hauingii hapa kabla haujaangaliwa," alisema.

Mmoja akamwambia Bibi, ubao mkavu huu, mzigo una mtu wake. Nilidhani Bibi atamtuma mtoto wa jirani kwa Mjomba, ambaye sasa alijua kukwangua na kutazama. Aliniita mimi.

"Angalia miguu yote minne na chaga zote," akasema. "Usiniambie ninachokipenda."

Nililala chali kwenye tope, nikaingia chini ya kitanda changu mwenyewe, vijana wakicheka kwamba mtoto ameanza kulala kabla ya godoro. Nilipita chaga kwa chaga kwa kidole. Nilipita mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye mguu wa nne, ndani, karibu na chini, palikuwa na tundu dogo la mviringo. Nilibaki nimelitazama. Nilijua kikichomwa kitachomwa pale pale njiani, na kwamba Baba atasikia.

"Bibi, kuna tundu."

Kijana wa lori akasema ni la msumari. Bibi akainua mkono kumnyamazisha.

"Sijakuuliza wewe. Lina unga?"

Niliingiza kijiti, nikakitoa, nikakitazama kwenye mwanga. Nikagonga mguu kwa kiganja mara tatu, nikasubiri. "Halina."

"Doa jeusi?"

"Hakuna. Kuna kutu kidogo pembezoni."

Bibi alielekeza uso upande wangu. Kisha akaachia uzio, akasogea pembeni wapite.